Dawa zinazozuia njia za kalsiamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wagonjwa wa moyo na presha

Kila siku ya kliniki watu husogea kwenye dirisha la dawa ninapofanya kazi hapa Temeke, na maneno yao ya kwanza huwa yale yale: "Nimekuja kuchukua dawa yangu ya presha." Nikiuliza inaitwaje, wengi hunitajia umbo lake: kile cheupe kidogo, kile chekundu, kile cha asubuhi na jioni. Ninawaelewa, kwa sababu hakuna aliyewafundisha vingine. Hata hivyo "dawa ya presha" si jina la dawa, na katika kundi ninalolieleza hapa kutojua jina kunaweza kumletea mgonjwa hatari kubwa, maana ndani ya kundi hilo moja mna dawa inayomfaa mtu fulani na nyingine inayoweza kumzidishia ugonjwa mtu huyo huyo. Majina nimeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye boksi utayakuta kwa tahajia ya kigeni, yenye mwisho tofauti kidogo, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua.

Dawa hizi ni zipi, na zinafanya nini mwilini?

Zinazopatikana zaidi katika maduka ya dawa na hospitali za Dar es Salaam ni amlodipini na nifedipini. Verapamili na diltiazemu hutolewa kwa wagonjwa wachache zaidi, mara nyingi baada ya kuonwa na daktari bingwa wa moyo.

Misuli ya moyo na misuli iliyo katika kuta za mishipa ya damu hukaza pale chembechembe za kalsiamu zinapoingia ndani ya seli kupitia vijia vidogo sana vilivyomo kwenye utando wake. Dawa hizi huziba sehemu ya vijia hivyo, kalsiamu ikaingia kidogo, na misuli ikalegea. Mshipa uliokuwa umebana hupanuka, damu hupita kwa shinikizo dogo zaidi, na moyo hupunguziwa mzigo wa kusukuma. Jambo hili lilielezwa katika miaka ya 1960 na mwanafiziolojia Mjerumani Albrecht Fleckenstein wa Freiburg, ambaye aliona kwamba verapamili inaufanya moyo ukaze kwa nguvu ndogo, na kwamba kuongeza kalsiamu kunaurudishia moyo nguvu hiyo.

Kwa nini inasemwa kwamba kuna matawi mawili?

Kwa sababu dawa hizi hazifanyi kazi mahali pamoja kwa nguvu ile ile. Tawi la kwanza, lenye amlodipini, nifedipini na felodipini, hulenga zaidi mishipa ya damu na kuugusa moyo wenyewe kidogo sana. Majina ya tawi hili huishia na "dipini", na hiyo ndiyo alama rahisi ya kuyakumbuka. Tawi la pili, lenye verapamili na diltiazemu, huufikia moyo moja kwa moja: hupunguza kasi ya mapigo, huchelewesha umeme unaosafiri kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini, na hupunguza nguvu ya msuli wa moyo kukaza. Katika tawi hilo la pili verapamili ndiyo inayougusa moyo zaidi, na diltiazemu iko katikati.

Karibu kila jibu linalofuata linategemea tofauti hii, kwa hiyo ningeomba msomaji aangalie boksi lake sasa kabla ya kuendelea.

Zinamsaidia nini mgonjwa wa moyo?

Faida iliyo kubwa zaidi kwa watu wengi ni kushusha shinikizo la damu. Presha isiyodhibitiwa kwa miaka hunenepesha msuli wa moyo, huharibu figo na hupasua au kuziba mishipa ya ubongo. Kila upungufu unaodumu wa shinikizo hupunguza uwezekano wa kiharusi, na dawa za tawi la "dipini" zina sifa nzuri hasa katika kuzuia kiharusi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaziweka zile zinazofanya kazi kwa muda mrefu miongoni mwa dawa za kuanzia tiba, sambamba na dawa za kukojosha na kundi la akina enalaprili na losatani.

Faida ya pili ni kwa wenye anjaina, yaani maumivu ya kubanwa kifua yanayokuja mtu akipanda ngazi au akibeba mzigo na kutulia akipumzika. Matawi yote mawili hupunguza maumivu hayo. Kuna aina ya anjaina inayosababishwa na mshipa wa moyo kujikaza ghafla, mara nyingi usiku au alfajiri mtu akiwa amelala, na kwa aina hiyo dawa hizi ndizo tegemeo la kwanza. Hapa ninapenda kusema wazi jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi mara nyingi: katika anjaina ya kawaida iliyotulia, kinachothibitika ni nafuu ya maumivu, si kurefusha maisha. Utafiti wa ACTION, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba nifedipini ya muda mrefu haikubadili idadi ya vifo, ingawa ilipunguza haja ya kupimwa na kupasuliwa mishipa ya moyo. Nafuu hiyo si ndogo kwa mtu aliyekuwa hawezi kutembea kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani kwake. Lakini haiondoi ulazima wa kuacha sigara, kutibu kisukari na kutumia dawa nyingine alizoandikiwa.

Faida ya tatu ni ya tawi la pili peke yake. Verapamili na diltiazemu hutumika kutuliza mapigo yanayokwenda mbio kutoka vyumba vya juu vya moyo. Amlodipini haifanyi kazi hiyo, na mtu aliyepewa verapamili kwa ajili ya mapigo hawezi kubadilishiwa amlodipini dukani kwa maelezo kwamba "zote ni za presha".

Je, zimejaribiwa kwa Waafrika, au tunatumia matokeo ya watu wengine?

Swali hili huulizwa kwa mashaka, na mashaka hayo yana haki. Utafiti wa ALLHAT, uliofanyika Amerika ya Kaskazini na kuchapishwa mwaka 2002, ulihusisha watu zaidi ya 33,000 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, na takriban theluthi moja yao walikuwa watu Weusi. Amlodipini ililinganishwa na klorthalidoni, ambayo ni dawa ya kukojosha, na lisinoprili, ya kundi la enalaprili. Katika kuzuia vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo na mashambulio ya moyo, dawa zote tatu zililingana. Katika kuzuia kiharusi kwa washiriki Weusi, lisinoprili ilibaki nyuma. Lakini upande wa pili wa matokeo hayo usifichwe: waliotumia amlodipini walipata tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu mara nyingi zaidi kuliko waliotumia klorthalidoni, kwa tofauti ya asilimia 38.

Karibu zaidi na kwetu kuna utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019. Ulifanyika katika nchi sita za Afrika, na ingawa Tanzania haikuwamo, majirani zetu Kenya, Uganda na Msumbiji walikuwamo. Wagonjwa Weusi 728 ambao presha yao haikuwa imedhibitiwa walipewa dawa mbili kwa pamoja. Baada ya miezi sita, mchanganyiko wenye amlodipini, iwe na dawa ya kukojosha au na perindoprili, nayo ya kundi la enalaprili, ulishusha presha vizuri zaidi kuliko mchanganyiko usio na amlodipini. Ndiyo maana mgonjwa asishangae kuandikiwa vidonge viwili tangu mwanzo. Hiyo haina maana kwamba ugonjwa wake ni mbaya kuliko wa jirani yake.

Nimeambiwa nina "moyo mkubwa". Dawa hizi zinanifaa?

Hili ndilo swali ambalo ningetaka kila mgonjwa aliulize, na jibu lake haliwezi kutolewa dirishani bila kuona kipimo. Moyo uliotanuka unaweza kuwa bado una nguvu ya kusukuma, na unaweza kuwa umechoka. Kipimo cha eko, yaani kile cha kupaka mafuta kifuani na kuangalia moyo kwenye skrini, hueleza ni asilimia ngapi ya damu inayosukumwa kwa kila pigo, na majibu huandikwa kwa herufi EF. Kipimo hicho hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili na katika hospitali nyingine kadhaa za jiji.

Iwapo asilimia hiyo imeshuka, kwa kawaida wanaposema 40 au chini ya hapo, verapamili na diltiazemu zisitumike. Zinapunguza nguvu ya msuli ambao tayari umechoka. Jambo hili lilionekana mwaka 1988 katika utafiti wa wagonjwa waliotoka kupata shambulio la moyo: wale waliokuwa na maji kwenye mapafu walipopewa diltiazemu walipata matatizo ya moyo zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Amlodipini ni tofauti. Utafiti wa PRAISE wa mwaka 1996 uliwahusisha wagonjwa waliokuwa na moyo dhaifu sana, na amlodipini haikuongeza vifo vyao. Kwa hiyo inaweza kutumika kwa mgonjwa wa namna hiyo iwapo bado ana presha ya juu au anjaina, lakini haiutibu udhaifu wa moyo wenyewe, na isichukue nafasi ya dawa zinazoutibu.

Usipokuwa na majibu ya eko, mweleze daktari kama huwezi kulala bila mito mingi, kama unaamka usiku ukitweta, au kama unachoka kwa kutembea hatua chache. Maelezo hayo ni kipimo pia.

Miguu yangu imevimba tangu nianze amlodipini. Je, figo zimeharibika?

Mara nyingi sivyo, ingawa hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi waache dawa kimya kimya na kurudi miezi mitatu baadaye presha ikiwa juu. Amlodipini hupanua mishipa midogo inayoleta damu kwenye tishu kuliko inavyopanua mishipa inayoirudisha, kwa hiyo maji huvuja na kukusanyika pale ambapo uzito huyavuta, yaani vifundoni. Huo si mwili kujaa maji, na ndiyo sababu dawa ya kukojosha haiuondoi vizuri uvimbe wa aina hii. Nimewaona watu walioongezewa dawa za kukojosha hadi midomo ikakauka na vifundo vikabaki vile vile.

Uvimbe unategemea dozi. Katika majaribio ya amlodipini uliwapata watu 3 kati ya 100 waliotumia miligramu 5 kwa siku, na karibu 11 kati ya 100 waliotumia miligramu 10. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Joto la Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi huuzidisha, na vivyo hivyo kukaa au kusimama mahali pamoja kwa saa nyingi. Fundi cherehani wa Kariakoo, mama ntilie anayesimama jikoni tangu alfajiri na abiria anayetoka Mbagala akiwa amening'inia kwenye daladala watauona jioni zaidi kuliko asubuhi.

Yanayosaidia ni kupunguza dozi, au kuongeza dawa ya kundi la enalaprili na losatani, ambayo hupanua pia mishipa ya kurudishia damu na hivyo kupunguza uvimbe huku ikishusha presha. Uamuzi huo ni wa daktari. Wewe unaweza kuinua miguu unapopumzika na kutembea kidogo kila unapopata nafasi. Lakini uvimbe ukiwa wa mguu mmoja tu wenye maumivu, au ukipanda hadi tumboni, au ukija pamoja na kutweta au uso kuvimba asubuhi, usiusingizie dawa. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo.

Presha ikipanda sana, niweke nifedipini chini ya ulimi?

Hapana. Ninaandika jibu hili kwa uchungu, kwa kuwa desturi hiyo bado haijaisha. Miaka iliyopita, katika kituo kimoja cha tiba, nilimwona mzee aliyefika akiongea na kutembea mwenyewe. Mashine ilisoma presha ya juu, akatobolewa kapsuli ya nifedipini na kumiminiwa chini ya ulimi, na baada ya muda mfupi alikuwa amelegea, jasho likimtoka, mkono wa kulia hauinuki. Waliomhudumia walikuwa na nia njema. Walifanya kile walichofundishwa na waliowatangulia.

Nifedipini inayofanya kazi haraka huiangusha presha ghafla na kwa kiasi kisichotabirika. Ubongo na moyo vilivyozoea shinikizo kubwa kwa miaka havipati damu ya kutosha shinikizo linapoporomoka, na matokeo yake yanaweza kuwa kiharusi au shambulio la moyo, yaani yale yale yaliyokuwa yanakimbiwa. Tangu katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wamekuwa wakitaka matumizi hayo yakome. Zaidi ya hayo, chini ya ulimi haifyonzwi vizuri. Sehemu kubwa humezwa na kufyonzwa tumboni.

Presha ya juu isiyo na dalili yoyote haihitaji kushushwa ndani ya dakika. Inahitaji dawa za kumeza na ufuatiliaji wa siku chache. Presha ya juu yenye dalili, kama vile maumivu ya kifua, kutweta, kuchanganyikiwa, degedege au udhaifu wa upande mmoja, inahitaji hospitali, ambako hushushwa polepole huku mgonjwa akiangaliwa.

Nifedipini ya muda mrefu, ile ya miligramu 20 inayomezwa asubuhi na jioni, ni jambo jingine na haina hatari hiyo mradi imezwe nzima. Ukiitafuna au kuisaga kwa sababu ni ngumu kumeza, unaigeuza kuwa ile ya haraka.

Kwa kuwa dawa inazuia kalsiamu, niache maziwa na dagaa?

Usiache. Dawa inazuia vijia vya seli katika mishipa na moyo. Haizuii kalsiamu ya chakula kuingia mwilini na haiondoi kalsiamu kwenye mifupa. Kilicho muhimu kwenye dagaa ni chumvi waliyokaushiwa nayo: waoshe na kuwaloweka kabla ya kupika.

Madhara mengine ni yapi?

Siku za mwanzo wengi huumwa kichwa, husikia joto usoni au moyo kudunda, na mara nyingi hali hiyo hupungua baada ya wiki moja au mbili. Kizunguzungu huja zaidi mtu anaposimama ghafla. Verapamili hufunga choo, hasa kwa wazee. Fizi zinaweza kuvimba na kuota juu ya meno baada ya miezi ya matumizi. Mwambie daktari wa meno dawa unayotumia, kwa sababu kubadilisha dawa na kusafisha meno vizuri huzirudisha.

Verapamili na diltiazemu zinaweza kushusha mapigo ya moyo kupita kiasi. Hazipewi mtu mwenye hitilafu kubwa ya upitishaji wa umeme wa moyo asiye na kifaa cha kuratibu mapigo, wala mtu aliyezaliwa na njia ya ziada ya umeme moyoni ambaye vyumba vya juu vya moyo wake vimeanza kupapatika, maana kwake zinaweza kuua. Ndiyo sababu kipimo cha umeme wa moyo hufanywa kabla ya kuzianza.

Ni dawa gani nyingine zisizopatana nazo?

Ya kwanza kwa hatari ni dawa zenye majina yanayoishia na "loli", kama atenololi, bisoprololi, karvediloli na propranololi, zikichanganywa na verapamili au diltiazemu. Zote hupunguza kasi ya moyo, na kwa pamoja zinaweza kuusimamisha. Kwa amlodipini au nifedipini mchanganyiko huo unaruhusiwa na hutumika sana. Unaona jinsi jina lilivyo muhimu: mgonjwa anayesema "nina atenololi na ile nyingine ya presha" hajanieleza kama yuko salama au la.

Rifampisini, iliyomo kwenye vidonge vya kifua kikuu, hulifanya ini livunje dawa hizi kwa kasi, presha ikapanda ingawa mgonjwa anameza kila siku. Kinachosahaulika ni upande wa pili: matibabu ya kifua kikuu yakiisha, ndani ya takriban wiki mbili ini hurudi kwenye kasi yake, na dozi iliyokuwa imeongezwa huwa kubwa mno. Mgonjwa wa moyo anayemaliza dawa za kifua kikuu apangiwe kupimwa presha wakati huo.

Kinyume chake, klarithromaisini, ambayo watu wengi hupewa kwa ajili ya bakteria wa vidonda vya tumbo, huzilimbikiza dawa hizi kwenye damu, na wazee wameanguka presha na kuumia figo kwa sababu hiyo. Ritonaviri, iliyo katika baadhi ya dawa za VVU za mstari wa pili, hufanya vivyo hivyo; dolutegraviri haina tatizo hilo. Dawa za fangasi za kumeza kama itrakonazoli nazo zimo. Simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, isizidi miligramu 20 ukiwa kwenye amlodipini, na isizidi 10 ukiwa kwenye verapamili au diltiazemu, kwa sababu misuli inaweza kuharibika. Verapamili huongeza pia kiasi cha digoksini, dawa nyingine ya moyo, mwilini.

Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa bila cheti kwa maumivu ya mgongo na magoti, hupandisha presha na kuidhoofisha kazi ya dawa zako. Balungi na juisi yake huongeza nguvu ya felodipini, nifedipini na verapamili. Kwa amlodipini athari ni ndogo. Machungwa ya kawaida hayana shida.

Presha imerudi sawa. Kwa nini nisiache?

Imerudi sawa kwa sababu dawa ipo. Amlodipini hutoka mwilini taratibu, ikichukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu, kwa hiyo ukiacha leo mashine itaendelea kukusifu kwa siku kadhaa, halafu presha itapanda bila wewe kuhisi chochote. Kwa mwenye anjaina, kuacha ghafla kunaweza kurudisha maumivu ya kifua kwa nguvu.

Ninajua kwamba baadhi huacha kwa sababu ya fedha. Tafadhali useme. Amlodipini ni miongoni mwa dawa za bei nafuu za kundi hili, na daktari anaweza kupanga tiba inayolingana na uwezo wako kuliko wewe kuruka siku au kuazima vidonge vya jirani, ambavyo huenda ni vya tawi jingine kabisa.

Ninaweza kufunga Ramadhani?

Wengi wanaweza, presha yao ikiwa imetulia. Amlodipini ya mara moja kwa siku huhamishiwa futari au daku bila kupoteza nguvu, na nifedipini ya mara mbili huweza kumezwa futari na daku. Wanaotumia pia dawa za kukojosha, wenye moyo dhaifu na waliopata shambulio la moyo karibuni waonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Nina mimba na nimeandikiwa nifedipini. Ni salama?

Nifedipini ni miongoni mwa dawa zinazokubalika kwa presha ya mimba, tofauti na enalaprili na losatani ambazo humdhuru mtoto tumboni. Hospitalini mama mwenye presha ya hatari anaweza hata kupewa nifedipini ya haraka, lakini humezwa, haiwekwi chini ya ulimi, na mama hupimwa kila baada ya dakika chache.

Zinapunguza nguvu za kiume?

Wanaume huniuliza swali hili wakiwa wameinama karibu kabisa na dirisha, wakati foleni ikiwa imepungua. Kundi hili kwa jumla haliathiri nguvu za kiume kama zinavyoweza kufanya dawa za kukojosha na baadhi ya zile za "loli". Presha yenyewe, kisukari na sigara huharibu mishipa inayohusika, na upungufu wa nguvu unaweza kuwa ishara ya mapema ya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mweleze daktari bila aibu, na usinunue vidonge vya kuongeza nguvu mitaani, hasa ikiwa una anjaina.

Nimesahau kumeza. Nifanyeje?

Kwa amlodipini, ukikumbuka kabla ya muda wa saa kumi na mbili kupita tangu wakati wako wa kumeza, meza. Zikipita, subiri dozi inayofuata. Usimeze mbili kwa pamoja.

Mjukuu amemeza kidonge changu kimoja, na anaonekana mzima. Nisubiri?

Usisubiri. Hata kidonge kimoja kinaweza kumwangusha presha mtoto mdogo, na vidonge vya muda mrefu huchelewa kuonyesha dalili kwa saa nyingi. Mpeleke hospitali mara moja na ubebe boksi. Usimtapishe wala kumpa maziwa ukidhani yanaondoa sumu.

Ni dalili zipi zinazonitaka niende hospitali haraka?

Kuzimia, mapigo yaliyo chini ya 50 kwa dakika pamoja na udhaifu au kizunguzungu, kutweta unapolala, uso, midomo au ulimi kuvimba, na maumivu ya kifua yasiyotulia kwa kupumzika. Wachache hupata maumivu ya kifua makali zaidi mara tu wanapoanza dawa au dozi inapoongezwa, na hao wasiendelee kumeza kabla ya kuonwa.

Nikienda kliniki nibebe nini?

Beba maboksi au karatasi za vidonge vyote unavyotumia, pamoja na vya kienyeji, vya vidonda vya tumbo na vya maumivu. Kama vidonge vimetiwa kwenye bahasha isiyo na jina, irudishe dirishani uandikiwe jina na miligramu. Ni haki yako, na mfamasia hapaswi kukasirika. Beba majibu ya eko na ya umeme wa moyo, na vipimo vya presha vya wiki mbili zilizopita ulivyochukua ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano. Mama mmoja mwenye umri wa kunizaa huja na kipande cha boksi la amlodipini alichokikata na kukishonea ndani ya mkoba wa kanga. Akifika dirishani hanitajii presha. Hukifunua kile kipande na kunisomea jina, miligramu na tarehe aliyoanza.